Kasoro za Viti vya Watoto Garini: Zipi za Kuhofia?

Mwanzoni mwa mwezi wa Januari mwaka 2007, wazazi wengi nchini Marekani walisoma habari iliyowanyima usingizi. Jarida la Consumer Reports, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipima bidhaa za kila namna kwa niaba ya wanunuzi, lilitangaza matokeo ya majaribio ya viti 12 vya kuwapakia watoto wachanga katika magari. Viti hivyo viligongeshwa kwa mbele kwa mwendo wa kilometa 56 kwa saa, na kwa ubavuni kwa mwendo ulioelezwa kuwa ni kilometa 61 kwa saa. Jarida lilisema kwamba vingi kati yake vilishindwa vibaya. Baadhi vilichomoka kutoka katika vitako vyake na kuruka pamoja na sanamu ya mtoto iliyofungwa ndani. Viti viwili tu ndivyo vilivyopendekezwa kwa wanunuzi.

Tarehe 18 ya mwezi huo huo jarida liliiondoa taarifa yake. Idara ya Usalama wa Barabara Kuu ya Marekani, NHTSA, ilikuwa imeyachunguza majaribio hayo na kugundua kwamba yale ya ubavuni hayakufanywa kwa hali ya mgongano wa kilometa 61 kwa saa hata kidogo. Yalifanywa kwa hali inayolingana na gari kugongwa ubavuni na gari jingine liendalo zaidi ya kilometa 112 kwa saa. Idara ilipovijaribu viti vile vile kwa mwendo uliokusudiwa, vilibaki imara katika vitako vyake.

Kisa hiki kinafaa kusomwa na kila mzazi, na kila mwanafunzi wa fizikia pia. Kila baada ya muda habari za namna hii husikika tena: kiti fulani kimeonekana kuwa na kasoro, kiti fulani kinarudishwa kiwandani. Baadhi ya habari hizo ni za kweli na zataka hatua ya haraka. Nyingine ni kelele. Tena hata katika zile za kweli, si zote zenye uzito mmoja. Ili mtu aweze kuzipima yampasa kwanza afahamu kiti chenyewe hufanya kazi gani.

Kazi ya kiti

Chukua gari liendalo kilometa 48 kwa saa, mwendo ambao dereva wa mjini hauoni kuwa wa kutisha. Kila kilichomo ndani, mtoto pamoja nacho, kinakwenda kwa mwendo huo huo. Gari likigonga ukuta, sehemu yake ya mbele hubonyea, tuseme kwa sentimeta 60, na gari husimama. Lakini mtoto ambaye hakufungwa hasimami. Yeye huendelea mbele kwa kilometa 48 kwa saa mpaka akutane na dashibodi, kioo, au mgongo wa kiti cha mbele. Na huko husimamishwa ndani ya sentimeta chache tu.

Tofauti kati ya sentimeta 60 na sentimeta 5 ndiyo tofauti kati ya kupona na kutopona. Ukipiga hesabu utaona kwamba kitu kinachosimamishwa kutoka mwendo huo ndani ya sentimeta 60 hupata kani ya wastani ipatayo mara 15 ya uzito wake. Kikisimamishwa ndani ya sentimeta 5, kani hiyo hufika mara 180. Kwa mtoto wa kilo 9, hesabu ya kwanza ni sawa na uzito wa kilo 135 uliotandazwa juu ya mwili wake kwa kitambo kisichofika sehemu ya kumi ya sekunde. Hesabu ya pili inapita kilo 1,600. Tena kani hiyo hairushwi mwili mzima. Aghalabu humfika kichwani.

Kiti cha mtoto, basi, hakizuii mgongano. Kazi yake ni kumfungamanisha mtoto na gari ili asimame pamoja nalo, akinufaika na zile sentimeta 60 za chuma kinachobonyea, na kuitandaza ile kani juu ya sehemu za mwili ziwezazo kuihimili. Kwa mtoto mchanga sehemu hizo ni mgongo mzima. Kichwa chake ni kikubwa mno kwa kulinganishwa na mwili, na mifupa ya shingo yake bado haijakomaa. Kwa sababu hiyo kiti chake hutazama nyuma, ili gari likisimama ghafula mtoto azame katika mgongo wa kiti, kichwa na kiwiliwili pamoja, badala ya kichwa kuvutwa mbele peke yake. Daktari wa Sweden, Bertil Aldman, ndiye aliyeanza kuitumia fikra hii kwa watoto katika miaka ya 1960, baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali katika vyombo vyao wakati wa kurushwa.

Jambo hili linaonyesha pia kwa nini mikono ya mama haiwezi kuchukua nafasi ya kiti. Hakuna mama awezaye kuushika uzito wa kilo 135 kwa ghafula, ijapokuwa upendo wake ni mkubwa kiasi gani.

Walimu wanaotaka kulionyesha jambo hili darasani wanaweza kutumia kigari cha ubao chenye magurudumu na mayai mawili. Yai moja lifungwe kwa kitambaa kipana juu ya kigari, la pili liwekwe bila kufungwa. Kigari kiteremshwe juu ya ubao ulioinamishwa mpaka kigonge tofali. Wanafunzi hawatahitaji maelezo marefu.

Kosa lilivyoweza kuingia

Sasa turudi kwenye majaribio ya mwaka 2007. Majaribio ya viti hayafanywi kwa kuvunja magari mazima, kwani gharama yake ingekuwa kubwa mno. Kiti hufungwa juu ya kigari cha reli, sanamu ya mtoto ikafungwa ndani yake, kisha kigari husukumwa au kusimamishwa kwa ghafula ili kuiga mwendo wa gari wakati wa ajali. Kwa mgongano wa mbele hesabu yake si ngumu. Gari linalogonga ukuta kwa kilometa 48 kwa saa hupoteza mwendo wote wa kilometa 48, na kigari hufanyiwa hivyo hivyo.

Mgongano wa ubavuni una mtego. Tuseme gari moja limesimama njia panda, na gari jingine la uzito ule ule likaja kuligonga ubavuni kwa kilometa 61 kwa saa. Kwa kanuni ya momenta, yaani uzito wa maada ukizidishwa kwa mwendo, jumla iliyokuwapo kabla ya kugongana haina budi kubaki ile ile baada yake. Magari mawili yakishikana na kwenda pamoja, mwendo ule mmoja utagawanywa kwa wawili: yote yatakwenda kilometa 30 na nusu kwa saa. Mtoto aliyemo ndani ya gari lililogongwa, basi, hatupwi kwa kilometa 61 bali kwa nusu yake.

Anayetaka kuiga ajali hiyo juu ya kigari cha reli hana budi kukipa kigari mwendo wa kilometa 30 na nusu. Akikipa kilometa 61 kamili, ameiga ajali ambayo gari linalogonga lilikuwa likienda kilometa 122 kwa saa. Na kwa kuwa nishati huongezeka kwa mraba wa mwendo, kuzidisha mwendo mara mbili ni kuzidisha nishati mara nne. Tukilieleza kwa mfano wa kuanguka, mwendo wa kilometa 30 na nusu kwa saa ni ule ambao kitu hufikia kikianguka kutoka mita 3.7, yaani juu ya paa la nyumba ya kawaida. Mwendo wa kilometa 61 ni wa kitu kilichoanguka kutoka mita 14.6, na hapo tumekwisha fika ghorofa ya tano.

Hivi ndivyo tarakimu moja iliyo sahihi, ikiwekwa mahali pasipo pake, inavyoweza kulifanya jaribio zima lipotoke. Hakuna aliyehitaji kudanganya. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza juu ya kila taarifa ya kasoro halihusu ubora au ubaya wa kiti, bali ni hili: kilijaribiwa kwa hali gani, na hali hiyo hutokea barabarani mara ngapi? Kila kiti duniani kina mwendo ambao ukifikiwa kitavunjika. Anayekipiga kiti mpaka kivunjike amegundua kikomo chake. Bado hajagundua kasoro.

Mkuu wa NHTSA wa wakati huo, Nicole Nason, alieleza hadharani wasiwasi wake kwamba taarifa ile iliwatia wazazi hofu na ingeweza kuwafanya waache kutumia viti. Idara yake ilikuwa imepokea mamia ya simu kutoka kwa wazazi waliofadhaika. Wasiwasi huo ulikuwa na msingi. Hata hivyo, uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2011 unatupa faraja kidogo. Mtafiti Uri Simonsohn alizifuata bei za viti vilivyotumika katika minada kabla ya taarifa, wakati wa taarifa, na baada ya kuondolewa. Aliona kwamba wanunuzi waliifuata taarifa ilipotoka, na ilipoondolewa waliacha kuifuata. Watu, kumbe, waweza kusikia masahihisho, alimradi yatolewe upesi na kwa sauti kubwa kama ile ya taarifa ya kwanza. Jarida lilifanya hivyo, nasi twaona lastahili sifa kwa kufanya hivyo. Wako wengi wakoseao zaidi ya hapo na wasirudi nyuma.

Lakini msomaji asije akahitimisha kwamba kelele zote ni za bure. Mnamo Februari 2008, mwaka mmoja tu baada ya aibu hiyo, kampuni ya Evenflo iliwaita wateja wenye viti vya wachanga vya aina ya Discovery, vilivyozidi milioni moja kwa idadi. Majaribio ya maabara, ya NHTSA na ya jarida lile lile, yalikuwa yameonyesha kwamba katika mgongano mkali wa ubavuni kiti hicho kingeweza kuachana na kitako chake. Wateja walipelekewa vifungio vya nyongeza. Discovery kilikuwa miongoni mwa viti vilivyokuwamo katika taarifa ya 2007. Jaribio lilikuwa limekosewa, na kasoro ilikuwapo. Mambo hayo mawili yaliweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kasoro za namna mbalimbali

Ukizisoma taarifa za miaka ya karibuni utaona kwamba neno kasoro linatumiwa kwa mambo yasiyofanana. Lebo iliyochapishwa vibaya, au maagizo yasiyotaja kikomo cha uzito kwa usahihi, huweza kusababisha viti kwa maelfu kutangazwa kuwa vina dosari kisheria. Haya ni ya kurekebisha, si ya kukesha.

Ipo kasoro ya bizimu. Mwezi wa Februari mwaka 2014 kampuni ya Graco iliwaita wateja wenye viti vipatavyo milioni 3.7, na kabla ya mwaka kwisha hesabu ilikuwa imepita milioni 6, kwa sababu bizimu za mikanda zilikuwa zikikwama. Mabaki ya chakula na vinywaji yaliingia ndani yake, na kitufe kikawa kigumu kubonyeza, pengine kisifunguke kabisa. Wako walioiona habari hii kuwa ndogo, wakisema kwamba mkanda usiofunguka angalau humshika mtoto. Hawa hawakufikiri. Gari likiwaka moto au likitumbukia majini, bizimu isiyofunguka ni mlango uliofungwa kwa kufuli. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilikubali adhabu ya jumla ya dola milioni 10 kwa kuchelewa kuitaarifu serikali juu ya kasoro hiyo, milioni 3 zikilipwa serikalini na milioni 7 zikitengwa kwa shughuli za usalama wa watoto. Kasoro ya namna hii hujitokeza nyumbani mwako mwenyewe: kitufe ukibonyeza kwa kidole gumba kikagoma, huna haja ya kungoja barua ya kampuni.

Ipo tena kasoro isiyokuwa katika kiti bali katika maneno yaliyokizunguka. Mwaka 2020 shirika la habari la ProPublica lilichapisha uchunguzi juu ya kiti cha kunyanyulia kiitwacho Big Kid cha kampuni ya Evenflo. Kiti cha namna hii hakina mikanda yake chenyewe. Humwinua mtoto ili mkanda wa gari upite begani na mapajani mwake inavyostahili. Kiliuzwa kwa kutangazwa kuwa kimejaribiwa kwa migongano ya ubavuni. Ni kweli kilijaribiwa. Lakini wakati huo serikali ya Marekani haikuwa na kipimo cha lazima cha ubavuni kwa viti vya watoto, hivyo kampuni ilijitungia kipimo chake. Picha za majaribio zilionyesha sanamu za watoto zikitupwa nje ya mkanda wa bega, na bado kiti kikahesabiwa kuwa kimefaulu. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani ililichunguza jambo hilo na kutoa ripoti mwezi wa Desemba mwaka huo. Kampuni, kwa upande wake, iliendelea kusema kwamba viti vyake ni salama. Mwaka 2022 serikali hiyo ilitoa hatimaye kanuni ya kipimo cha ubavuni kwa viti vya watoto wa uzito wa hadi kilo 18 hivi.

Kiini cha habari ya Big Kid, kwa maoni yetu, ni uzito wa mtoto. Nchini Marekani kiti hicho kilikuwa kikiuzwa kwa watoto wa kuanzia kilo 13 na nusu hivi. Nchini Kanada kiti cha kunyanyulia hakiruhusiwi kwa mtoto wa chini ya kilo 18. Plastiki haikubadilika kwa kuvuka mpaka. Mtoto wa miaka mitatu ni mdogo mno kwa mkanda wa gari, naye hatulii. Huinama, hulala, huutoa mkanda begani. Kiti chenye mikanda yake mitano humshika hata asipotulia. Mzazi aliyemwacha mtoto wake katika kiti cha mikanda mpaka akajaza nafasi yake hakuwa na sababu ya kuihofia taarifa ile, hata kama hakuwahi kuisoma.

Kupima hatari moja kwa nyingine

Kwa hesabu za NHTSA, kiti cha mtoto kilichotumiwa ipasavyo hupunguza vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja katika ajali za magari madogo kwa asilimia 71, na vya watoto wa mwaka mmoja hadi minne kwa asilimia 54. Hebu tuzitumie tarakimu hizi katika mfano wa kubuni. Tuchukue ajali ambazo watoto wachanga 100 wasiofungwa wangefariki. Wangekuwa katika viti, wangefariki 29, na 71 wangeokoka. Tuseme sasa viti vyote hivyo vina kasoro mbaya kiasi kwamba katika ajali moja kwa kila kumi kiti hakisaidii chochote. Hii ni kasoro kubwa kuliko karibu zote tulizozieleza. Kati ya wale 71 tungewapoteza 7; wangefariki 36 badala ya 29. Vifo saba ni msiba, na kampuni yenye kiti hicho yastahili kubanwa. Lakini mzazi ambaye kwa hofu ya kasoro hiyo amekitoa kiti garini na kumpakata mwanawe amekimbia 36 na kuikumbatia 100.

Kwa sababu hii ushauri wa kawaida wa wataalamu kiti kinapotangazwa kuwa na dosari ni kuendelea kukitumia mpaka kitengenezwe au kipatikane kingine, isipokuwa pale tangazo lenyewe linaposema kisitumike. Kwa kiti cha mchanga ambacho kitako chake ndicho chenye mashaka, mara nyingi ipo njia ya tatu: kukifunga kiti chenyewe kwa mkanda wa gari bila kitako, ikiwa kitabu cha maagizo kinaruhusu.

Kuna na tarakimu nyingine ambayo haipati nafasi katika vichwa vya habari. Katika uchunguzi uliofanywa nchini Marekani mwaka 2011, wakaguzi walitazama jinsi viti vilivyokuwa vimefungwa hasa magarini. Asilimia 46 vilikuwa vimetumiwa kwa makosa ambayo yangeweza kupunguza uwezo wake wa kumlinda mtoto. Mikanda ilikuwa imelegea, au viti vyenyewe havikukazwa, au mikanda ya bega ilipitishwa katika tundu lisilo lake. Karibu kiti kimoja kwa kila viwili, katika nchi yenye maagizo, vituo vya ukaguzi, na sheria katika kila jimbo! Hakuna kiwanda kilichowahi kupeleka sokoni kasoro iliyoenea kiasi hicho.

Makosa haya yana fizikia ile ile tuliyoieleza. Mkanda uliolegea kwa sentimeta 5 humwacha mtoto aendelee mbele sentimeta 5 wakati gari limekwisha anza kusimama; kisha humdaka kwa kishindo, na sehemu ya zile sentimeta 60 za msaada imekwisha potea. Nguo nene chini ya mkanda huleta hasara hiyo hiyo, kwa kuwa pamba hubonyea. Kukagua hakuhitaji mtaalamu. Shika kiti mahali mkanda wa gari unapopita na ukitikise: kisisogee zaidi ya sentimeta 2 na nusu, upande wala mbele. Jaribu kuubana mkanda wa bega la mtoto kwa vidole viwili: ukiweza kuukunja, umelegea. Kwa mtoto anayetazama nyuma, mkanda utokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kwa anayetazama mbele, usawa wa mabega au juu yake. Na kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwani mfuko huo hufumuka kwa nguvu iwezayo kumwua mchanga.

Kiti cha mkono wa pili

Kwa wasomaji wetu wa Afrika ya Mashariki kuna jambo moja ambalo taarifa za Marekani na Ulaya haziligusi sana. Kiti kikifika huku mara nyingi kimekwisha tumika kwingine. Kimekuja na gari la mtumba, au katika mzigo wa ndugu aliyeko ng'ambo, au kimenunuliwa sokoni kwenye vifaa vya watoto vilivyotumika. Mpango wa kurudisha viti kiwandani umejengwa juu ya orodha ya majina. Nchini Marekani, tangu mwaka 1993, kila kiti kipya huuzwa na kadi ambayo mnunuzi huijaza ili kampuni imjue. Mnunuzi wa pili hamo katika orodha hiyo, na wa tatu ndiyo kabisa. Kasoro ya bizimu iliyotangazwa mwaka 2014 haikuwa na njia ya kumfikia.

Mwenye kiti cha namna hii hana budi kukisoma kiti chenyewe. Chini au nyuma yake huwa pana lebo yenye jina la mtengenezaji, namba ya aina, na tarehe ya kutengenezwa. Kwa hayo matatu mtu aweza kumwandikia mtengenezaji na kuuliza. Kiti kilichopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, kama vile vya Ulaya na Japani, huwa na lebo yenye herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba ya nchi iliyokiidhinisha. Namba 43 ni Japani, 11 ni Uingereza, 1 ni Ujerumani. Lebo hiyo hutaja pia kanuni yenyewe. Kanuni ya 44, iliyo ya zamani, humpima mtoto kwa mgongano wa mbele wa kilometa 50 kwa saa na haina kipimo cha ubavuni. Kanuni ya 129, iliyoanza mwaka 2013, imekiongeza kipimo hicho. Kiti kisicho na lebo yoyote hakielezi kilipimwa na nani, wala kama kilipimwa.

Kisha plastiki ifinyangwe mkononi na kutazamwa juani. Kiti kilichokaa miaka mingi ndani ya gari lililoegeshwa juani hukauka na kufanya nyufa nyembamba kama nywele, hasa penye matundu ya mikanda. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha umri, aghalabu miaka 6 hadi 10, na tarehe hiyo hugongwa katika plastiki yenyewe. Jambo la mwisho ni gumu zaidi, nalo ni kama kiti kimewahi kupata ajali kubwa. Plastiki iliyokwisha nyooshwa na mikanda iliyokwisha vutwa haitafanya kazi hiyo mara ya pili, na hakuna lebo isemayo hayo. Kiti ulichopewa na dada yako waweza kumwuliza. Kwa kile cha sokoni, tazama utando wa mkanda: mkanda uliowahi kubeba kishindo huweza kuonyesha nyuzi zilizovutika au sehemu iliyong'ara ulipopita katika tundu lake, na plastiki iliyouzunguka huweza kuwa na alama nyeupe za kuvutwa. Ukiziona, kiache pale pale mezani.